Kifuniko Kimoja cha Fomalini

Madam hakuwahi kupeleka pua kwenye kitu. Kikombe cha chai kikiletwa mbele yake alikiweka mezani, akakipungia kiganja polepole mpaka mvuke umfuate yeye, na hapo ndipo alipojua kama maziwa yamechacha. Alifanya hivyo kwa mboga, kwa mafuta ya taa, hata kwa maua ya harusi ya binti wa mchungaji. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya shule moja ya wasichana kule Bungoma, na maabara ilimfundisha kwamba kitu usichokijua hukiinamii. Mtaani kwetu Kitale watu walimcheka, kisha wakaanza kumwiga. Mimi nilimcheka kuliko wote, na nikiwa peke yangu jikoni nilimwiga.

Nisizunguke mbuyu. Nilimwonea wivu yule mwanamke kwa miaka tisa. Tulitenganishwa na ua wa kayaba, na ua huo ulikuwa na tundu ambalo kuku walipitia na mimi nilichungulia. Kwanza niliona wivu wa jina. Watu wote walimwita Madam, nami nilijua hajawahi kushika chaki. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kupima kemikali na kuwapangia walimu meza kabla ya somo. Mwalimu wa kweli aliyeishi mtaa wa pili aliitwa Mama Faith tu, na hakulalamika. Nililalamika mimi kwa niaba yake.

Halafu kulikuwa na sabuni. Sabuni ya maji mtaani nilianza mimi, na hili naomba lieleweke. Tulifundishwa siku moja katika ukumbi wa kanisa, akina mama kama ishirini, na katika hao wote ni mimi tu niliyerudi nyumbani nikanunua ndoo, mwiko mrefu na ile ungaroli, kemikali ya kutoa povu, nzito inayovutika mithili ya mrenda. Niliuza nyumba kwa nyumba, nikauza Kachibora siku za soko, nikauza kwa wenye hoteli za chai. Kisha Madam akastaafu, akamfuata mwanawe aliyehamishiwa kazi Kitale, akapanga nyumba ya jirani, na baada ya miezi michache naye akaanza kukoroga. Hakutembeza. Alikaa tu kwake na mizani yake ya jikoni, na watu wakawa wanapita langoni kwangu wakienda langoni kwake.

Kilichowapeleka ni mikono. Mteja akifika, Madam hakumuuliza anataka lita ngapi. Alimsalimia, kisha akaugeuza ule mkono aliosalimiwa nao, akautazama kiganjani na katikati ya vidole, akauliza mtu huyo anafanya kazi gani. Muuza samaki alipewa sabuni yake, fundi wa magari yake, mama mwenye mtoto mchanga yake. Wengine aliwafukuza kabisa, akawaambia warudi kwenye sabuni ya kipande mpaka ngozi ipone. Fikiria mfanyabiashara anayemfukuza mteja. Na mteja aliyefukuzwa alikwenda kuwaambia wengine kumi, nao wakaja wote. Mimi niliyekuwa nikimbembeleza kila mtu nilibaki na chupa zangu.

Tena alikuwa na kibandiko. Alikiandika kwa mkono, kwa ile hati ya watu wa zamani iliyolala upande mmoja: tarehe aliyotengeneza, tarehe ya mwisho ya kutumia, na chini kabisa, "Ina dawa ya kuhifadhi." Nilimuuliza siku moja kwa nini anajiharibia biashara. Akaniambia kwamba maji ukiyaacha peke yake yanafuga. Huo ndio ulikuwa msemo wake. Alimaanisha vile vijidudu visivyoonekana, kwamba sabuni ya maji nusu yake na zaidi ni maji, na kwa hiyo bila dawa itaoza, na sabuni iliyooza ukioshea kikombe cha mtoto unamlisha uozo. Ila dawa nayo ikizidi, alisema, inaacha vijidudu inakugeukia wewe. Usiniulize kama ni mbaya, alipenda kusema, niulize ni kiasi gani.

Shida ni lile neno dawa. Sisi tuna dawa ya meno na dawa ya panya, dawa ya malaria na dawa ya kulevya, na zote ni dawa. Mtu akisoma kwenye chupa ya sabuni kwamba ina dawa, anachukua ile anayoiogopa zaidi. Na dawa ya Madam ilikuwa fomalini. Kila mtu Kitale aliyewahi kwenda kuchukua mwili mochari anaijua fomalini kwa ile harufu inayokwaruza koo. Mwaka huu nami nimeanza kuandika kwenye chupa zangu kwamba zina dawa, na nimewaona watu wakisoma na kuirudisha chupa mezani taratibu.

Lakini wakati ule sikuandika hivyo. Wakati ule sikuwa na dawa yoyote, kwa sababu yule aliyetufundisha kanisani aliitaja mwishoni mwishoni, watu wakiwa tayari wamesimama kwa ajili ya soda. Sabuni yangu ilikaa wiki mbili vizuri, ya tatu ikaanza kuvuta uzi na kunuka mtaro. Mwenye hoteli mmoja alinirudishia mtungi mzima mbele ya watu. Jioni hiyo nilikwenda kwa Madam kuomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo. Akaingia ndani kuepua chai iliyokuwa ikifurika, na daftari lake likawa limefunguliwa mezani. Vipimo vyote vilikuwa vya gramu, gramu, gramu, mpaka mstari wa mwisho: "Fomalini, kifuniko 1." Nilikariri mstari huo njia nzima, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua thelathini.

Hapo ndipo ninapomlaumu, na nitamlaumu hata mbele za Mungu. Mwanamke aliyepima chumvi ya ugali kwa mizani, aliyesuuza vikombe mara tatu akihesabu kwa sauti, kwa nini kitu kimoja chenye hatari akiandikie kifuniko? Alikuwa na mambo yake ya kupingana namna hiyo. Alihubiri tarehe za mwisho za kutumia, na kwenye droo yake kulikuwa na vidonge vya kifua vya miaka sijui mingapi alivyovimeza bila wasiwasi. Alikataza watu kukoroga sabuni bila glavu, na mandazi yake aliyakaanga kwa mafuta yaliyokwisha kuwa meusi. Aliwapimia watu wote sabuni ya maji, naye akaogea kipande. Nilimkuta siku moja akifua kitambaa chake cha kanisani kwa sabuni ya kipande ya dukani na hakuona haya.

Basi nilinunua fomalini kwenye duka la kemikali, nikasimama mbele ya mtungi wangu wa lita ishirini, nikatafuta kifuniko. Kifuniko kilichokuwepo kilikuwa cha mtungi. Nikakijaza, nikamimina. Macho yaliniwasha mpaka nikatoka nje, nikafurahi, nikasema sasa hii ndiyo dawa.

Sabuni yangu haikuoza tena. Ilikaa mwezi, ikakaa miezi sita, ikakaa kwenye dirisha la hoteli inapigwa na jua bila kubadilika rangi. Ya Madam ilipitwa na tarehe yake ikapata ukungu kidogo, kama alivyokuwa ameandika mwenyewe. Nilianza kuwaonyesha watu chupa mbili, yake na yangu. Ningeishia hapo ningekuwa mshindani tu. Sikuishia hapo. Katika chama chetu cha akina mama, siku ambayo Madam alichelewa, niliwaambia kwamba huko maabara alikotoka vyura walihifadhiwa kwa dawa ya maiti, na dawa hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akitutilia kwenye sabuni. Niliwaambia ya kwangu haina kemikali. Nilisema hivyo nikiwa na harufu ya dawa hiyo hiyo mikononi.

Alipofika walimuuliza. Nilidhani angekana, na mimi ningekana kwa nguvu zaidi. Madam akavua miwani, akakubali. Akasema ndiyo, ni hiyo hiyo, wala hajawahi kuificha, ameiandika kwenye kila chupa. Akawaeleza kiasi na kiasi, akawaeleza kwamba hata chumvi inaua. Hakuna aliyemsikiliza baada ya neno ndiyo. Akikasirika, L zake zote ziligeuka R kama za watu wote wa kwao, na siku hiyo alimalizia kwa kusema, "Mimi sina cha kuficha, rakini sitarazimisha mtu," halafu akakaa. Hakunitazama. Mwaka huo nilipata wateja wake karibu wote, na kwenye chupa zangu nikabandika karatasi zilizochapishwa mjini: "Haina Kemikali."

Sasa nimfikie Nekesa. Huyu ni mdogo wangu, tumebaki wawili kwa mama. Anaishi Bungoma, na wakati ule alikuwa na kibanda cha chapati karibu na stendi. Chapati zake watu waliziita kwa jina lake. Kila mwezi nilimpelekea mtungi mdogo wa lita tano wa sabuni yangu, zawadi, kwa kuwa muuza chapati anaosha vyombo kutwa nzima. Nilimpa kwa mapenzi na kwa majivuno pia. Nilikuwa dada mwenye kitu.

Mikono yake ilianza kwa kuwasha katikati ya vidole. Ikawa myekundu, ikachanika kwenye viungo, ikatoa maji. Alipaka mafuta ya maziwa, akapaka majani aliyopewa na mtu, akaambiwa ni unga, akaambiwa ni jirani amemwangalia vibaya. Akazidi kuiosha, kwa sabuni yangu, ili iwe safi. Nani atakula chapati iliyosukumwa na mikono inayobanduka? Wateja walianza kuagiza chai peke yake, halafu wakaacha na chai. Nekesa alifunga kibanda. Alikuja kwangu Kitale akiwa amevaa glavu za sufu kwenye jua la saa saba.

Madam alimwona kupitia lile tundu la ua. Hakuniuliza mimi. Alimwita, "Wewe mayi, kuja hapa," yaani mama, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wadogo zao, na Nekesa akamwendea kana kwamba wamelelewa pamoja. Nilitoka nikasimama nao. Madam aliigeuza ile mikono, akaitazama muda mrefu, akamuuliza anaoshea vyombo nini. Nekesa akajibu ni sabuni ya kawaida tu. Nilikuwa nimesimama pale pale, na nilishangaa kwa nini hakunitaja, nikaona labda ni maumivu. Madam akamwambia aache sabuni ya maji ya aina yoyote, atumie kipande, ajipake mafuta mazito ya kupaka na kuifunga mikono kwa kitambaa cha pamba, na asipopata nafuu aende hospitali kwa daktari wa ngozi. Wiki chache baadaye mikono ilifunga. Nekesa akampelekea kuku. Mimi niliyemsomesha hadi darasa la nane, sijawahi kupewa kuku.

Ndivyo wivu ulivyopata chumba cha pili. Wa sabuni ulikuwa umeanza kupoa kwa sababu nilikuwa nimeshinda. Huu mpya haukupoa. Nekesa akija Kitale alianza kwa Madam ndipo aje kwangu. Walicheka huko ng'ambo ya ua na sikusikia wanacheka nini. Akiniandikia kwenye simu aliniambia umsalimie Madam, kana kwamba mimi ni lango la Madam.

Mwanawe alipohamishwa tena, Madam aliamua kurudi kwao Bungoma kwenye kipande chake cha shamba. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitu, na ukweli ni kwamba nilitaka kuona mali yake. Kwenye rafu ya jikoni nilikuta ile fomalini. Ilikuwa kwenye chupa ya kahawia, ndogo, ya ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto, na kifuniko chake kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho kilivyo mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Nilikishika nikakaa chini kwenye gunia la mahindi. Nilikitia mfukoni. Nyumbani nilichota maji kwa hicho kidogo nikajaza kile cha mtungi, nikihesabu. Viliingia kumi na kimoja.

Kuanzia kesho yake nilitumia kile kidogo. Sikumwambia mtu. Nilijiambia nimerekebisha, mikono ya Nekesa imepona, kibanda amefungua tena, na Mungu ndiye mwenye kusamehe. Nikaendelea kumpelekea mtungi wake kila mwezi, sasa ukiwa na kipimo sahihi, na kila nilipoukabidhi nilihisi nalipa kidogo kidogo. Nilifika, nikaukabidhi, nikageuza na gari hilo hilo kabla hajanitazama sana usoni.

Kilichonipeleka kwa Madam mwaka huu hakikuwa toba. Nilisikia kwamba Nekesa hufunga kibanda kila Jumamosi adhuhuri na kwenda kushinda kwa Madam. Kila Jumamosi. Nilipanda gari Jumanne ili nimkute peke yake, na sikujua hata nitamwambia nini. Nadhani nilitaka kumwambia ana watoto wake, aniachie ndugu yangu.

Nilimkuta uani, amekonda, kitambaa kimemteleza nyuma ya kichwa, anamwagilia miche. "Mulembe, Mama Brayo," akanisalimia kwa jina la mtoto wangu, akanipa mkono na hakuugeuza. Nilitazama miche yake nipate la kusema. Ilikuwa sukuma wiki, imepandwa ndani ya mitungi ya lita tano iliyokatwa katikati, safu mbili ndefu kutoka mlangoni hadi kwenye choo. Kila mtungi ulikuwa na karatasi iliyochapishwa, mingine imefifia, mingine mipya kabisa. Haina Kemikali. Haina Kemikali.

Nilimuuliza mitungi hiyo ameitoa wapi. Akasema ni ya Nekesa, humletea ikiwa mitupu. Nikasema basi anamaliza sabuni haraka sana. Madam aliweka kopo la maji chini.

"Hamalizi, mayi. Anaimwaga kwa choo."

Nilichojibu kilitoka chenyewe. "Lakini nilipunguza! Siku hizi naweka kidogo kabisa, kama wewe."

Hivyo ndivyo nilivyoungama, nikijitetea. Madam hakushtuka. Aliniletea kiti, akaketi kwenye kile kingine, akaniambia anajua, sabuni yangu ya siku hizi ameinusa na iko sawa, inawafaa watu wengi. Ila Nekesa haimfai tena. "Mwili ukishakataa hiyo dawa, imeisha," akasema. "Hata tone moja, mikono inafunguka tena. Itakuwa hivyo mpaka azeeke." Nikamuuliza Nekesa amejua tangu lini. Akasema tangu ile siku kwenye ua, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia nilipoingia ndani kupika chai.

"Na hamkuniambia."

"Alinikataza. Alisema, dada yangu ana wivu, akijua tumemjua hatarudi kuniona."

Hata hapo, Mungu anihurumie, kilichonijia kwanza hakikuwa aibu. Kilikuwa wivu. Walikuwa na siri wao wawili, kwa miaka yote hiyo, na siri yenyewe ni mimi. Aibu ilikuja nyuma yake ikichechemea, ikafika, ikakaa.

Madam akavua miwani. Nilidhani sasa atanisema, na nilitaka aniseme vizuri, nimalize. Badala yake akasema ile harufu ilikuwa ikivuka ua kila nilipokoroga. Alijua tangu mwanzo kwamba nimezidisha, tena akajua nimekosea kifuniko, kwa kuwa aliona daftari lake limesogezwa. "Ningekuambia siku hiyo hiyo," akasema. "Rakini uriniharibia jina kwa wamama. Nikasema wacha, itamuumbua mwenyewe. Sikujua kuna mtu wa Bungoma anaoshea." Aliitazama miche. Akasema ndiyo maana kila Jumamosi humpikia Nekesa, na kwamba hajui ni Jumamosi ngapi zitatosha.

Tulikaa. Ndani ya nyumba redio ilikuwa ikitangaza vifo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuwa na kitu chake nilichokitaka.

Nilimpigia Nekesa simu nikiwa kwenye kiti hicho. Nikamwambia niko kwa Madam, nimeona mitungi. Nikasikia sufuria ikitolewa jikoni. Nikamwambia naja kwake sasa hivi, na siji na sabuni, wala sitaleta tena.

"Kuja tu," akasema. "Kila siku unaleta sabuni unageuza. Leo ukae."

Madam akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema leo nikae. Nikachukua mkoba wangu, nikampa mkono, nikaondoka.